Kidole cha Kuazima

"Soma mwenyewe," karani alisema, akaisukuma karatasi chini ya kioo.

Hapo ndipo tulipomwacha Povu wiki jana: dirisha namba nne, foleni inampumulia kisogoni, leseni aliyoihangaikia miezi mitano iko mbele yake hatimaye, na karani amekataa kuiachia. Wenye haraka mlishasema moyoni kwamba karani anataka kitu kidogo. Mlikosea. Huyu hakutaka kitu. Ingekuwa afadhali angetaka.

Povu akasoma. Jina la biashara: Weupe Dobi. Sawa. Kazi: kufua na kupiga pasi. Sawa. Akafika kwenye mstari wa mmiliki. Akausoma, akaurudia, kisha akaweka kidole juu yake kama mtoto anayejifunza herufi.

"Hili ni jina la mdogo wangu."

"Ndiyo."

"Mmekosea."

"Mashine haikosei, mama. Mmiliki ni mwenye kidole."

Povu akakumbuka kidole kilikuwa cha nani.

Aliyechelewa kujiunga nasi aelewe jambo moja tu. Povu anafua nguo za watu tangu ana miaka kumi na sita, na sasa anakaribia arobaini. Magadi, klorini na maji ya moto vimemkwangua ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama kigae. Siku ya usajili alibonyeza kile kifaa cha serikali mara tatu, na mara tatu kikawaka taa nyekundu.

"Mama, wewe huna vidole," kijana wa dirisha namba mbili alimwambia siku hiyo, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Foleni ikacheka. "Nenda kalete mtu wa familia mwenye vidole."

Akamleta mdogo wake. Nyumbani wanamwita Msomi, kwa kuwa ndiye pekee aliyemaliza chuo, na alikimaliza juu ya povu la beseni la dada yake. Msomi akaweka dole gumba. Taa ikawa ya kijani. Wakarudi nyumbani wanataniana njiani, Povu akimwambia ajihadhari asije akakikata kidole cha biashara kwa wembe.

Walidhani kidole ni kama kalamu unayoazima posta. Unaandika, unamrudishia mwenyewe.

Kidole kilikuwa cha Msomi, lakini ada zilitoka kwa Povu. Ada ya kuhifadhi jina. Ada ya usajili. Ada ya zimamoto, waliokuja kukagua chumba chenye maji kila kona wakauliza ndoo ya mchanga iko wapi. Ada ya afya. Ada ya maji machafu. Ada ya bango, iliyotozwa kwa pande mbili, ingawa upande wa pili unatazama ukuta. Zote alizilipa yeye, na risiti zote alizipiga pasi zisijikunje.

Sasa karani akavua miwani iliyofungwa kwa uzi, akaiacha ining'inie kifuani. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyechoka kabla ya saa nne.

"Kwa nini hukujaza fomu namba kumi na moja?"

"Ndiyo ipi hiyo?"

"Ya watu ambao vidole vyao havisomeki. Waashi, wachoma chokaa, madobi kama wewe. Unaleta barua ya daktari, unapigwa picha, basi."

"Mbona hamkuniambia?"

Karani akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Haina ada."

"Mimi nauliza mbona hamkuniambia."

"Na mimi ndiyo nakujibu, mama."

Povu akahesabu siku. Kulikuwa na zabuni ya hospitali, shuka za wodi sita kwa miaka miwili. Walimwambia kazi ni yake, alete tu leseni isizidi Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

"Inarekebishika?"

"Siku moja tu. Wewe lete barua ya daktari. Ndugu yako aje aweke kidole, aseme biashara si yake."

"Basi?"

"Na ada ya kubadilisha mmiliki."

"Kiasi gani?"

"Sawasawa na ya kusajili upya."

Povu alitaka kucheka, kicheko kikagoma kutoka. Lakini moyo ulitulia kidogo. Msomi ni damu yake. Msomi kuja kubonyeza kidole ni jambo la dakika tano.

Msomaji, sikuwepo kumshika mkono.

*

Alimkuta Msomi dobini, amekalia meza ya kupigia pasi.

Hiyo meza haikaliwi. Mtoto wa miaka mitatu katika ukoo ule anajua. Kitambaa chake Povu hukibadilisha kila Jumamosi na hakuna makalio yaliyowahi kukigusa.

"Dada, umerudi," Msomi akasema. "Wamekupa?"

"Wamenipa jina lako."

Mtu asiye na habari hushtuka. Msomi alifunga kifungo cha shati.

"Ulijua," Povu akasema.

"Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu siku ileile. Hongera, sasa wewe ni mmiliki wa biashara, na namba ya usajili."

"Miezi yote hii umenyamaza."

"Nilitaka kukuambia, dada. Ukawa na mambo mengi."

"Mambo gani?"

"Ada."

Mashine moja kati ya zile mbili za mitumba ilikuwa inazungusha mablanketi ya mtu, inagonga ukuta kama mgeni asiyefunguliwa. Povu akaizima. Alitaka asikie vizuri.

"Kesho asubuhi twende ukaweke kidole uniachie biashara yangu."

"Kesho sitaweza. Kesho wanaleta shuka."

"Nani wanaleta shuka?"

Msomi akafungua jalada la plastiki, akatoa mkataba. Muhuri wa hospitali ulikuwa bado unang'aa. Umesainiwa asubuhi ile, wakati Povu amesimama kwenye foleni ya dirisha namba nne na kitafunio chake kwenye mfuko.

"Usinitazame hivyo, dada. Walitaka mmiliki, na kwenye mtambo wao mmiliki ni mimi. Wamekubali namba ya usajili, leseni nitawapelekea Ijumaa. Ningekataa kusaini wangempa mtu mwingine. Nimeiokoa kazi yako."

"Kazi yangu."

"Ndiyo. Tena nimekuandikia."

Akatoa karatasi ya pili. Ilikuwa barua ya ajira, imechapwa vizuri, ina nafasi ya saini chini. Cheo: msimamizi wa ufuaji. Mwajiri: Weupe Dobi. Muda wa majaribio: miezi mitatu.

Povu alirudia ule mstari kwa sauti. "Muda wa majaribio."

"Ni utaratibu tu. Kila mtu anaanzia hapo."

"Unijaribu mimi kufua."

"Dada, mambo ya ofisi usiyapeleke moyoni. Wewe mikono, mimi makaratasi. Si ndivyo tulivyo siku zote?"

Povu alikuwa ameshafikia ukurasa wa mwisho wa mkataba, na macho yake yamenasa kwenye mstari wa shahidi. Saini pale ilikuwa ya herufi kubwa zinazolalia kushoto, kila moja imekandamizwa kwa nguvu kama inayotaka kutoroka.

Aliijua saini ile. Ni yeye aliyeifundisha. Jioni baada ya jioni, kwenye meza hii hii, nyuma ya risiti za wateja, alimshika mama yake mkono mpaka akaacha kuweka dole gumba na kuanza kuandika jina lake.

"Mama alikuwepo?"

Msomi akatelemka mezani. Hapo ndipo alipoona haya, lakini kidogo.

"Mama ndiye aliyesema."

*

Mlinzi alikuwa anashusha mlango wa chuma wa ofisi ya leseni alipomwona mwanamke anakimbia na viatu mkononi. Akauzuia kwa goti.

"Dakika tano, dada yangu. Mimi nina mabasi ya kuwahi."

Karani wa dirisha namba nne alikuwa anafunga kabati. Alimtazama Povu mara moja tu, akafungua tena.

"Amekataa."

"Amekataa na amenipa kazi."

Karani hakucheka. Akavuta karatasi ya rangi ya waridi. "Hii ni pingamizi. Uisikilize kabla hujaishika kalamu. Ukiandika hapa kwamba kidole kilikuwa cha kuazima, maana yake ndugu yako ameidanganya serikali."

"Na ameidanganya."

"Na wewe ulimpeleka. Kosa ni la wote wawili. Kesho saa tatu mkaguzi atakuja na utepe, atafunga mlango mpaka shauri liishe. Linaweza kwisha mwezi ujao, linaweza kwisha mwaka ujao."

"Na hospitali?"

"Hospitali haisubiri, unajua. Na jina lako likiingia kwenye daftari la udanganyifu, hupati leseni miaka mitano. Hata ya kuuza maji."

Povu akaweka mikono yake juu ya kaunta, viganja juu. Ilikuwa imepauka na kujikunja kama nguo iliyosahauliwa majini. Alikuwa na njia mbili. Anyamaze, abaki na kazi, mashine na mshahara, afue mpaka azeeke ndani ya mlango alioulipia yeye, kwa idhini ya mdogo wake. Au aandike, na mlango ufungwe kwa wote.

"Nikibadili mawazo?"

"Unaiondoa mbele ya mkaguzi, papo hapo. Akishafunga mlango, hairudi."

"Ina ada?"

"Ina."

"Nilijua," Povu akasema, akachukua kalamu.

*

Saa tatu kasorobo asubuhi lori la hospitali lilikuwa limeshaegesha. Mafurushi ya shuka, makubwa kama ng'ombe waliolala, yalijaa mpaka juu. Dereva aliegemea mlango anachokonoa meno. Msomi alisimama kizingitini na shati jeupe. Nani alilipiga pasi shati lile, msomaji, usiniulize.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mtandio umevutwa mpaka kwenye nyusi. Povu alikuwa hajamsalimia tangu jana. Sasa akaja akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ulijua unachosaini?"

"Nilisomewa."

"Na aliyekufundisha kusaini hukumkumbuka."

Mama akakunja ncha ya mtandio, akaikunjua. "Wewe huna mume wala mtoto. Leo upo, kesho mgongo umekataa. Dobi likiwa kwa jina lako, siku ukiondoka linakwenda wapi? Mwenzio ana watoto wawili. Nilitaka kitu kibaki kwenye nyumba."

"Na mimi si wa nyumba hii?"

"Sikusema hivyo."

"Umeandika, mama. Hukuhitaji kusema."

Pikipiki ikasimama nje. Mkaguzi akateremka, mwanamume mfupi mwenye heshima nyingi, jalada kwapani na bunda la utepe mwekundu mkononi. Akawasalimia wote, mmoja mmoja, hata dereva. Kisha akasoma pingamizi kwa sauti.

Msomi alisikiliza mdomo wazi. Alipomaliza kusikia, alimgeukia dada yake kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Umenishtaki? Mimi?"

"Nimejishtaki na mimi pia. Sikiliza vizuri."

"Dada, wewe una akili kweli? Lori hilo hapo."

"Naliona."

Mkaguzi akainua mkono kwa upole. "Wazazi wangu, ndugu zangu, haya mambo ya familia nimeyaona mengi. Sipendi kufunga milango ya watu. Kuna njia nyepesi. Mlalamikaji aseme alikosea, amwombe mmiliki radhi hapa mbele yangu, nyote mtie saini. Nafunga jalada, naondoka, shuka zinashuka."

"Na asipoomba?" dereva akauliza. Alikuwa na haki ya kujua.

"Nafunga mlango. Na hawa wawili nakwenda nao kituoni wakachukuliwe alama za vidole."

Povu akacheka. Kicheko kilichogoma jana kilitoka chote, kikamtoa machozi. Hakuna aliyemfuata. Mkaguzi alisubiri mpaka akamaliza, akafungua jalada ahakikishe namba ya usajili.

Akaangalia. Akageuza ukurasa. Akairudisha nyuma.

"Bwana," alimwambia Msomi, na ule upole ukapungua, "kidole chako hiki kina biashara tatu."

Msomi akafunga tena kifungo cha shati.

"Ya kwanza hii. Ya pili imesajiliwa wiki tatu zilizopita, ufyatuaji wa matofali, nyuma ya shule. Ya tatu wiki jana. Tanuri la chokaa."

Povu akasimama polepole. Ufyatuaji wa matofali, nyuma ya shule. Alimjua yule mwashi. Ndiye aliyejenga kizingiti alichokikanyaga Msomi sasa hivi. Jumapili iliyopita alikuja na mashuka yake ya kufua, ametabasamu hadi masikioni, akasema serikali imemtambua mwishowe. Mikono yake ilikuwa imeliwa na saruji kama ya Povu ilivyoliwa na magadi.

Na mchoma chokaa alikuwa mjane aliyemnunulia Msomi kalamu alipokwenda chuo.

"Wanajua?" Povu akauliza.

Msomi akaligeukia lori.

"Nimekuuliza. Wanajua mali yao ni yako?"

"Yule kijana wa dirisha namba mbili ndiye alikuwa ananiita," Msomi akasema, na sauti ikawa ya mtoto. "Akiona mtu taa inamkatalia, ananipigia. Mimi ni kidole tu, dada. Nilikuwa nawasaidia."

Dereva akaacha kuchokonoa meno.

Mkaguzi akafunga jalada, lakini akaacha kidole ndani kuweka alama ya ukurasa. "Mimi nimetumwa kwa pingamizi moja. Likiondolewa, jalada hili nalifunga kama lilivyo, na hayo mengine sikuyaona. Lisipoondolewa, nafungua yote matatu." Akamgeukia Povu. "Ni juu yako."

Bomba la uani lilikuwa linadondosha maji ndani ya beseni, na Povu, kwa mazoea tu, alifikiria kwamba linahitaji mpira mpya.

Msomi akamsogelea. Shati lilikuwa limeloa mgongoni. "Neno moja tu, dada. Sema pole, basi. Nakuondolea ile miezi mitatu ya majaribio."

Mama naye akainuka, akiushika ukuta. "Mwanangu. Watamfunga. Mwombe radhi mdogo wako, yaishe. Mimi ndiye ninayekuomba."

Povu akautazama ule mlango wa chuma, mashine mbili, kamba alizozifunga mwenyewe, bango lililolipiwa pande mbili. Akamtazama mama yake kwa muda mrefu kuliko vyote.

Kisha akatoa funguo mfukoni, akaziweka mkononi mwa mkaguzi.

"Fungua majalada yote matatu," akasema. "Andika kwamba kidole kilikuwa cha kuazima na aliyekiazima ni mimi. Kituoni nitakwenda kwa miguu yangu, ingawa mashine yenu hainijui. Lakini radhi siombi. Kwake siombi. Kwako mama siombi. Mkinifungia miaka mitano, mwaka wa sita njooni mniulize tena, nitawajibu hivi hivi."